Kinachofaa Tumboni Si Lazima Kifae Mapafuni

Na Daktari Wetu

Majuma machache yaliyopita mama mmoja alinijia katika kliniki yangu akiwa ameandamana na mwanawe, kijana wa miaka 16 anayesoma shule ya upili. Kijana mwenyewe alionekana mzima. Aliyekuwa na taabu ni mama. Alifungua mkoba wake akatoa kitu kidogo cha plastiki chenye rangi ya chungwa, kinachonukia maembe, akakiweka juu ya meza yangu.

"Daktari, hiki nilikipata ndani ya soksi zake nikifua," akasema. "Nilidhani ni kalamu. Ananiambia ati si sigara, ni mvuke tu, na kwamba kila kilichomo humo ni kitu cha kuliwa. Ni kweli?"

Nilimtazama kijana, naye akainamisha kichwa. Ukweli ni kwamba hakuwa amemdanganya mamake sana. Mengi ya majimaji yanayotiwa katika sigara za kielektroniki, au vepu kama vijana wanavyoziita, hutumika pia katika keki, peremende na dawa za kikohozi. Hata hivyo, hoja hiyo ndiyo iliyowaponza watu wengi, wakiwemo watu wazima wenye elimu yao. Leo basi, nataka tulijibu swali la mama huyu kwa utaratibu, kwa sababu jibu lake linamhusu pia fundi wa kupaka magari rangi, mama anayesafisha choo, na wewe unayesoma ukurasa huu.

MLANGO WENYE WALINZI

Chakula kinapoingia tumboni hukutana kwanza na tindikali kali inayoua vijidudu vingi. Kikishasagwa, yale yanayofyonzwa na utumbo hupelekwa moja kwa moja kwenye ini. Ini ni kama ofisi ya forodha pale bandarini: hukagua mizigo, na sumu nyingi huvunjwavunjwa hapo kabla hazijaruhusiwa kusambaa mwilini. Na kikiwa kibaya kupita kiasi, tumbo hukitapika.

Mapafu hayana tindikali wala ini la kuyatangulia. Mtu mzima huvuta lita 10,000 hivi za hewa kila siku. Hewa hiyo hupita puani, ikashuka katika bomba la pumzi, ambalo hugawanyika na kugawanyika tena kama matawi ya mti mpaka kufikia vijibomba visivyozidi milimita moja kwa upana. Mwisho wa vijibomba hivyo kuna vifuko vya hewa zaidi ya milioni 300. Kama tungevipasua na kuvitandaza, vingefunika mita mraba 70 hivi, sawa na sakafu ya nyumba ya vyumba viwili vya kulala. Ukuta unaotenganisha hewa na damu katika vifuko hivyo ni mwembamba mara nyingi kuliko karatasi ya gazeti hili.

Mwenyezi Mungu hakuyaacha mapafu bila kinga kabisa. Kuna nywele za pua, kuna kamasi inayonasa vumbi, kuna vijinywele vidogo vinavyoifagia kamasi hiyo kuelekea kooni, na kuna chembechembe za mwili zinazomeza vijidudu. Kinga hizi zimefaulu sana dhidi ya vumbi na viini vya maradhi. Dhidi ya mvuke wa kemikali na matone madogo ya mafuta, uwezo wake ni haba.

Wazazi wengi wamewahi kuliona jambo hili bila kulitambua. Mtoto akinywa mafuta ya taa, jirani wa kwanza hupendekeza atapishwe au apewe maziwa, kwa kudhani hatari iko tumboni. Sisi madaktari tunachohofia zaidi ni mafuta hayo kuteleza na kuingia mapafuni, na mtoto anapotapika ndipo hatari hiyo huzidi. Matone machache tu yanaweza kumletea homa ya mapafu iliyo kali. Ni mafuta yale yale, lakini mlango ni mwingine.

BISI ZILIZOZIBA PUMZI

Mfano mashuhuri zaidi wa jambo hili ulitokea Marekani, katika kiwanda kimoja cha bisi jimboni Missouri. Bisi hizo hutiwa ladha ya siagi, na ladha hiyo hutokana zaidi na kemikali iitwayo diasetili. Diasetili imo kiasili, kwa kiwango kidogo, hata ndani ya siagi halisi. Watu wameila miaka mingi bila madhara.

Mnamo Mei 2000, idara ya afya ya jimbo hilo ilipokea taarifa ya wagonjwa wanane waliowahi kufanya kazi katika kiwanda hicho. Wote walikuwa na maradhi ambayo daktari wa kawaida huenda asiyaone maishani mwake: vijibomba vile vyembamba vya mapafu vilikuwa vimejaa makovu na kuzibika. Kovu ndani ya kijibomba halitoki kwa dawa. Mgonjwa huanza kwa kikohozi kikavu, kisha akapanda ngazi akihema, kisha hata kuvaa viatu kukawa kazi. Baadhi yao walifikia hali ya kuhitaji kupandikizwa mapafu ya mtu mwingine.

Wataalamu wa taasisi ya serikali inayoshughulikia usalama na afya kazini walikwenda kiwandani. Kati ya wafanyakazi 135 waliokuwapo, 117 walikubali kuchunguzwa. Karibu wote walitakiwa kupuliza ndani ya mashine ya kupimia nguvu ya pumzi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2002 yalishtua. Idadi ya waliokuwa na njia za hewa zilizozibika ilizidi ile iliyotarajiwa kwa mara 3.3. Na kati ya wale ambao hawakuwahi kuvuta sigara hata siku moja, ilizidi kwa mara 10.8. Kwa hivyo lawama haikuweza kutupiwa tumbaku. Aidha, kadiri mtu alivyokuwa amevuta mvuke wa diasetili kwa wingi, ndivyo mapafu yake yalivyokuwa mabovu zaidi. Wachanganyaji, waliosimama kando ya matangi ya ladha yenye moto, ndio waliokuwa hatarini kuliko wengine. Panya wa maabara waliovutishwa mvuke huo nao walionekana kuharibika ngozi laini ya ndani ya njia za hewa.

Zingatia hapa, msomaji: wafanyakazi hao hawakula sumu. Walivuta chakula.

MKASA WA MWAKA WA 2019

Mfano wa pili ni wa karibuni zaidi. Katika kiangazi cha 2019, madaktari wa majimbo ya Wisconsin na Illinois walianza kupokea vijana waliokuwa na kikohozi, maumivu ya kifua, homa, kutapika, kuharisha na kukosa pumzi. Eksirei zao zilionyesha mapafu yenye ukungu pande zote mbili, mfano wa nimonia kali. Lakini vipimo vya vijidudu havikuonyesha kitu, na dawa za kuua bakteria hazikufua dafu. Wengine walilazimika kuwekewa mashine ya kuwasaidia kupumua. Walipohojiwa kwa makini, ilibainika kwamba jambo moja liliwaunganisha: wote walikuwa wametumia vepu katika siku au majuma yaliyotangulia.

Maradhi hayo yalienea nchi nzima na kufikia kilele Septemba mwaka huo. Kufikia tarehe 18 Februari 2020, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kilikuwa kimehesabu watu 2,807 waliolazwa hospitalini au kufariki, na katika hao, vifo 68 vilithibitishwa. Wengi wao walikuwa vijana. Nusu ya wagonjwa walikuwa na umri wa miaka 24 au chini yake.

Chanzo kilitafutwa kama polisi wanavyomsaka jambazi. Madaktari walichukua majimaji yaliyotumika kuosha ndani ya mapafu ya wagonjwa 51 kutoka majimbo 16 wakayapima. Katika wagonjwa 48 kati ya hao walikuta kitu kimoja: asetati ya vitamini E, ambayo ni aina ya mafuta mazito. Katika watu 99 wenye afya waliolinganishwa nao, hawakuikuta hata kwa mmoja. Ikafahamika kwamba wauzaji wa magendo walikuwa wakiichanganya na mafuta ya bangi yanayovutwa kwa vepu, kwa kuwa yanafanana kwa rangi na uzito, ili wapate faida zaidi.

Vitamini E kila mtu anaijua. Imo katika mboga, karanga na mafuta ya kupikia. Asetati yake humezwa kwa tembe na hupakwa ngozini, na kwa njia hizo haijulikani kuleta madhara ya aina hii. Lakini ikipashwa moto na kuvutwa, yaelekea huharibu ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visigandamane. Wakemia wameonyesha pia kwamba ikipata joto kali inaweza kutoa gesi iitwayo ketini, ambayo ni sumu kali kwa mapafu.

JE, VEPU ISIYO NA BANGI?

Hapa yafaa tuseme kweli bila kutia chumvi. Wengi wa wagonjwa wa 2019 walikuwa wametumia mafuta ya bangi ya magendo, na vepu ya nikotini pekee haikuthibitishwa kuwa chanzo kikuu cha mkasa ule. Pia ni kweli kwamba sigara ya kawaida ingali muuaji mkubwa zaidi. Mtu mzima aliyevuta sigara miaka mingi, akaziacha kabisa na kutumia vepu badala yake, huvuta sumu chache kuliko awali. Tafiti zimeonyesha kwamba njia hiyo imewasaidia baadhi ya watu kuacha sigara.

Lakini mwana wa mama yule hakuwa akiacha sigara. Hakuwahi kuvuta sigara hata moja. Kwake yeye kipimo si sigara; kipimo ni hewa safi.

Katika hewa yake ametia nini? Kwanza, propileni glaikoli na gliserini, ambazo hutoa ule moshi mweupe. Zikipata moto mwingi, hugeuka na kutoa fomaldehaidi na akrolini, kemikali zinazowasha na kuchoma njia za hewa. Pili, chembechembe za madini kama nikeli, kromi na risasi kutoka kwenye waya unaopashwa moto. Tatu, ladha. Mwaka wa 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walipima ladha 51 za vepu, na katika 39 wakakuta diasetili, ile ile ya kiwanda cha bisi. Ni haki kueleza kwamba moshi wa sigara nao una diasetili, tena kwa kiwango kikubwa zaidi, na kwamba maradhi ya wale wafanyakazi wa bisi hayajawa jambo la kawaida miongoni mwa watumiaji wa vepu. Hata hivyo, Uingereza haikungoja. Tangu mwaka wa 2016 diasetili hairuhusiwi katika majimaji ya vepu huko.

Nne, na kwa kijana hili ndilo kubwa, ni nikotini. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 20 kwa kila mililita. Vifaa vingi vya kutumia na kutupa vinavyouzwa nje ya Ulaya huwa na miligramu 50. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25, na ubongo mchanga hutekwa na nikotini upesi sana.

Lililo baya zaidi ni kwamba mnunuzi hana njia ya kujua kilichomo. Maandishi ya kifurushi hayapimi kitu.

MAKOSA YANGU MWENYEWE

Nisije nikaonekana kama ninayewahubiria vijana peke yao, acha nikiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilimtibu kijana mmoja aliyekuwa na kikohozi cha usiku na kifua kubana. Nilimpa dawa ya bakteria mara mbili. Kisha nikampima makohozi kwa kifua kikuu, na hakuwa nacho. Ni mara ya nne aliponijia ndipo niliona rangi ya buluu chini ya kucha zake, nikamwuliza: "Kijana, unafanya kazi gani?"

Alikuwa fundi wa kupaka magari rangi katika gereji. Rangi nyingi za magari huchanganywa na dawa ya kukausha yenye kemikali ziitwazo isosayaneti, na hizi ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya pumu inayotokana na kazi. Aliponieleza kwamba kifua hupata nafuu akienda nyumbani mashambani kwa likizo na kurudi vibaya siku mbili tatu baada ya kuanza kazi, nilijua nimepoteza miezi minne ya mapafu yake kwa kutouliza swali moja.

"Na unajikinga vipi?" nikamwuliza. Akanijibu kwa furaha: "Daktari, kila jioni nakunywa pakiti ya maziwa kusafisha kifua."

Msomaji wangu, imani hii ya maziwa imeenea katika gereji, mawe, saruji na viwanda vya rangi kote mjini. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hushuka tumboni. Hayana njia ya kufika mapafuni, na yakifika kwa bahati mbaya utaugua zaidi. Kitambaa puani au barakoa ya karatasi nayo huzuia vumbi kiasi, lakini mvuke wa rangi hupenya. Kinachofaa ni barakoa ya mpira yenye vichujio maalumu vya mkaa, inayobana uso vizuri, na kazi kufanywa mahali penye hewa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Si hisani.

Nyumbani nako, usichanganye kamwe dawa ya kung'arisha nguo, ile ambayo wengi huiita jiki, na dawa ya kusafisha choo yenye tindikali. Ukifanya hivyo katika msala mdogo usio na dirisha hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumiwa kuwaulia wanajeshi huko Ypres, Ubelgiji, mnamo Aprili 1915. Wengi huchanganya kwa kudhani dawa mbili zina nguvu kuliko moja.

DALILI ZA KUANGALIA

Gesi zinazoyeyuka upesi katika maji, kama amonia, huwasha macho na koo mara moja, nawe hukimbia. Hizo hujitangaza. Zile zisizoyeyuka upesi, kama naitrojeni dioksaidi inayoweza kutokea mtu anapochomelea vyuma katika chumba kisicho na hewa, hupita kooni kimya kimya na kushuka mpaka kwenye vifuko. Mtu anaweza kwenda nyumbani akila na kucheka, kisha usiku mapafu yakajaa maji. Kwa hivyo, usimruhusu mtu aliyevuta gesi nyingi alale bila kuonwa na daktari kwa sababu tu anasema hajambo.

Ajali ikitokea, mtoe mgonjwa penye hewa safi bila wewe mwenyewe kuhatarisha maisha, mketishe wima, mlegezee nguo, mwoshe macho kwa maji mengi kama yanawasha, na mpeleke hospitali. Usimtapishe aliyekunywa mafuta ya taa.

Na ukimwendea daktari kwa kikohozi kilichozidi majuma mawili, au pumzi inayokatika, usingoje akuulize. Wengine wetu husahau, kama nilivyokuonyesha. Mweleze kazi unayofanya, unachopulizia nyumbani, na unachovuta, kiwe sigara, shisha, bangi au vepu. Hatuendi kukushtaki kwa polisi. Tunataka kujua mahali pa kuanzia.

JIBU LA MAMA

Nilimweleza mama yule haya yote kwa ufupi, naye kijana akisikiliza. Kisha nikamwomba mama atupishe kidogo. Tulipobaki wawili, kijana aliniambia kwamba alianza kwa mzaha na wenzake muhula uliopita, na kwamba sasa hawezi kumaliza vipindi vya asubuhi bila kwenda msalani kuvuta. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Daktari, mapafu yangu yameshaharibika?"

Nilimpima. Kifua kilikuwa safi, na pumzi aliyoipuliza katika mashine ilikuwa ya kawaida. Nikamwambia ukweli: ya leo ni nzuri, ya kesho siwezi kuahidi, na wale wafanyakazi wa Missouri hawakuonywa na mtu yeyote, lakini yeye ameonywa. Tulikubaliana siku ya kuacha. Nilimwonya kwamba juma la kwanza atakuwa na hasira, usingizi wa tabu na hamu kali, na kwamba kila wimbi la hamu hupita baada ya dakika chache akijishughulisha na jambo jingine.

Mama aliporudi, nilimwomba jambo moja tu: asimpige wala asimwaibishe mbele ya jamaa. Mtoto aliyetekwa na nikotini ni mgonjwa, na mgonjwa akiogopa hujificha. Yule kijana amekuja mara mbili tangu siku hiyo, na safari ya pili alikuja peke yake.

Basi, mzazi, ukikuta kitu chenye harufu ya maembe ndani ya soksi, ketini chini mzungumze. Ukiambiwa kimetengenezwa kwa vitu vya kuliwa, jibu unalo: vya kuliwa na viliwe.

Hadi juma lijalo, nakutakia afya njema.